Ushuzi wa Siku ya Posa

Ndani ya treni, fundi viatu alikuwa akimsimulia mama aliyeketi kando yake filamu aliyoitazama jana. "Bwana anajamba mbele ya wakwe siku ya posa, tukacheka hoi. Mwishoni anakufa, tukalia sisi hao hao."

Mama akasonya. "Aliyeitengeneza ni mwanangu, na huyo bwana ni marehemu babake. Nimemsihi aondoe kipande hicho, kanichosha."

"Kwani marehemu hakujamba?"

Ushuzi ni kitendawili: hauonekani wala haushikiki, lakini kila mtu humtafuta aliyeutoa. Mama akashusha sauti.

"Nilijamba mimi, nikiinama kuwamiminia wageni maji. Yeye akadakia kuwa ni wake, bado kidogo baba amfukuze."

"Basi mwambie mwanao, umsafishie marehemu jina."

"Nikimwambia, si ataniweka mimi sinemani, wajukuu wanione?"

Treni ikasimama. Mama akabeba kikapu chake, akashuka bado anasonya.