Mwalimu Apolonia Luhende na Yai la Siku ya Pili

Tunayemsindikiza leo, Mwalimu Apolonia Luhende, alizaliwa Nyalikungu, Maswa, tarehe 14 Machi 1959, mtoto wa tatu wa wakulima wa pamba. Alisoma hapohapo, kisha sekondari Mwanza, na mwaka 1982 akahitimu stashahada ya ualimu wa Biolojia. Siku hizo binti wa kwao kufika huko ilikuwa habari ya kusimuliwa mnadani.

Alifundisha Bariadi tangu 1983. Chaki zilikuwa za kugawana vipande, naye alikuwa na hadubini moja na kuku aliowafuga kwake, mtaa wa Somanda. Kila mwaka alifungua yai lililoatamiwa siku mbili, wanafunzi waone jinsi seli zinavyosukumana na kuvutana mpaka umbo linatokea. Wakamwita Mama Mayai. Maskini kuku wa mwalimu, hawakuachwa waatamie kwa raha!

Tarehe 8 Oktoba 1988 alifunga ndoa na Masele Jilala. Mwaka 1994, wanunuzi binafsi wa pamba walipoanza kuingia na watu wakichekelea, alijifungua mtoto wao wa kwanza, Salu, uti wa mgongo ukiwa wazi. Aliishi siku tisa. Jamani, siku tisa! Ukoo ukasema mama ana mkosi, arudishwe kwao. Aliyesema kwa sauti kuliko wote ni mama mkwe wake, Mayu Sayi; mayu ni mama kwa Kisukuma.

Apolonia hakubishana. Alimpeleka shuleni, akamwinamisha kwenye hadubini atazame yai la siku ya pili, kisha akatandaza khanga mezani.

“Mayu, mgongo wetu, hata wa ndama, huanza bapa hivi. Seli zinasukumana, kingo zinainuka, zinakutana katikati. Za Salu hazikukutana pale chini. Kwa nini, hata vitabu havijamaliza kujua. Ila sikumfanya kitu mwanangu.”

Mayu Sayi alizishika zile kingo za khanga mwenyewe, akazikutanisha, akaziachia.

“Ng’wana wane,” alisema, yaani mwanangu, “wangu wa kwanza alizaliwa hivyohivyo. Nilimzika nikijua kosa ni langu.”

Walilia wote wawili. Habari ya kumrudisha mtu kwao ikaishia hapo.

Januari 2004 figo zilianza kumsumbua. Alifariki tarehe 2 Juni hospitalini, Bariadi, Mayu Sayi akimkanda miguu.

Tulipoandika orodha ya aliowaacha, tulianza na mume. Mayu Sayi akatukatiza: “Anzeni na mimi. Na msiandike mkwe.”

Ameacha mama yake, Sayi. Mume wake, Masele. Na watoto, Violeth na Novatus.

Pumzika kwa amani, Mwalimu.