Halvor Brekke na Kondoo Dume wa Lorna

Mchungaji wetu, Karin mtoto wetu, majirani wa Choteau, na ninyi mliokuja kutoka mbali kwa barabara zenye barafu, familia imenipa mimi Borghild, dada yake mdogo, kazi ya kuwasomea safari ya kaka yangu hapa duniani, nami nitaisoma taratibu, maana macho yangu si mazuri na leo ni mabaya zaidi.

Halvor Edvin Brekke alizaliwa tarehe 3 Novemba 1941, katika shamba la wazazi wetu magharibi mwa Choteau, Montana, pale uwanda unapokoma na milima inapoanza, akiwa mtoto wa pili wa Nils na Gudrun Brekke, ambao Mungu aliwapa watoto wanne, na katika hao wanne leo nimebaki mimi. Alibatizwa katika kanisa hili, wiki ya kwanza ya Desemba, siku ambayo mama alisema maji ya ubatizo yalibidi yapashwe moto jikoni.

Alisoma katika shule ya chumba kimoja karibu na shamba letu, kisha akaingia sekondari hapa Choteau, akamaliza mwezi Mei 1959, na hatuwezi kusema mbele za Mungu kwamba alikuwa mwanafunzi hodari, kwani mwalimu alimhamisha dawati mara kwa mara ili asikae upande wa dirisha linalotazama milima, na yeye akajifunza kutazama milima kupitia vioo vya kabati la vitabu.

Mwaka 1961 alikwenda Great Falls kujifunza kazi ya kutengeneza vichwa vya wanyama wa kuwindwa kwa mzee mmoja aliyekuwa na karakana nyuma ya nyumba yake, akafundishwa kuvua ngozi, kuilainisha, kuivika juu ya umbo, kuweka macho ya kioo na kushona shingo kwa nyuma, na akaifanya kazi hiyo kwa mikono yake mpaka mwaka 1983, dawa za ngozi zilipomharibia kifua. Tangu hapo hakutengeneza tena kwa ajili ya watu, akawa mthamini, yaani mtu wa kuitwa kusema kichwa cha kondoo mwitu kilichoko ukutani kitauzika kwa bei gani, na kazi hii ndiyo wengi wenu mliyomjua nayo, kuanzia huku kwetu hadi ng'ambo ya mpaka, Alberta.

Nyumba alizoitwa karibu zote zilikuwa nyumba zilizotoka kuzika. Alifika wakati majirani wameshachukua bakuli zao, simu imeacha kulia, na mjane amebaki na vichwa vinavyomtazama. Alikishusha kichwa yeye mwenyewe, akakilaza juu ya blanketi kwenye meza ya jikoni, akaanza na mshono wa nyuma ya shingo kuona kama umefumuka, kisha masikio, kope za chini zinazopasuka kwa joto la jiko, pua, na manyoya yaliyopauka upande wa dirisha, akatafuta kipande cha chuma ambacho serikali hukitia kwenye pembe kuonyesha mnyama aliuawa kihalali, na kipimo cha pembe akakiacha kiwe cha mwisho, kwa sababu, alisema, kila mtu hutazama pembe kwanza na pembe zikishakupendeza huoni kitu kingine.

Mama Pruitt wa Augusta, aliyeketi pale mbele, ameniruhusu niseme kwamba alipomwita Halvor baada ya kufiwa na mumewe alitarajia bei ya gari jipya, na kaka yangu akamwambia polepole, "Mama, pembe ni nzuri, lakini ngozi ya uso si ya kondoo huyu, ni ya kondoo mwingine, iliwekwa baadaye." Mama Pruitt akasema, "Kwa hiyo miaka yote hii nimepangusa vumbi la mgeni?" Wakacheka wote wawili, mpaka Mama Pruitt akaanza kulia, na Halvor hakuondoka, akamwuliza marehemu mumewe alimpata wapi kondoo yule na nani alikuwa naye siku ile, akasikiliza yote. Mama Pruitt akamwuliza kama hadithi hiyo itaongeza bei. Akamjibu, "Hapana, mama. Mnunuzi hununua pembe. Ile siku haina mnunuzi." Alikuwa akiyasema haya nyumba baada ya nyumba, kisha anaendesha gari peke yake kurudi kwake, na mimi nadhani yalimwingia moyoni kuliko alivyowahi kutuonyesha.

Tarehe 18 Juni 1966 alifunga ndoa takatifu na Lorna Tolliver, binti wa Fairfield, na tarehe 9 Februari 1971 Bwana akawajalia mtoto mmoja, Karin, ambaye yuko nasi leo.

Wenyeji mnajua kwamba kibali cha kuwinda kondoo mwitu hutolewa kwa kura, na wapo wanaoomba kila mwaka mpaka wanazikwa bila kupata. Halvor, aliyeshika pembe nyingi kuliko mtu yeyote wa wilaya hii, aliomba maisha yake yote na jina lake halikutoka hata siku moja. Lorna aliomba mara moja, kwa utani, mwaka 1977, akapata. Mwezi Oktoba walipanda milima ya juu ya Mto Sun, na Lorna alipenda kutusimulia kwamba kila Halvor alipotaka kumwelekeza alimwambia, "Wewe beba mzigo, bwana, mwindaji ni mimi." Akampiga kondoo dume mzee kwa risasi moja, nyama tukaila majira yale yote ya baridi, na kaka yangu akakitengeneza kile kichwa vizuri kuliko vyote alivyowahi kutengeneza, akakitundika sebuleni, kando ya mlango wa mbele.

Hapo ilianza desturi ya nyumba yao. Kila aliyetoka, hata kama anakwenda dukani tu, alimshika kondoo puani, naye Karin, akiwa bado mdogo, alikuwa akiinuliwa na mama yake ashike, na Lorna alisema, "Muage, ndipo utarudi." Mjukuu wa mchungaji kama mimi ningeweza kupinga jambo hilo, lakini nililiona kuwa sala ya aina yake, na nikitoka kwao nilishika pua kama wengine. Manyoya ya pua yakalika, ngozi ikaonekana.

Mwaka 1998, Karin akiwa ameshahamia Tacoma kwa kazi ya bandarini, Lorna alikaa kwangu wiki nzima nilipofanyiwa upasuaji, na Halvor akataka kumfurahisha. Alikishusha kichwa, akatia manyoya mapya puani, akapaka rangi, akakirudisha ukutani kikiwa kama siku ya kwanza. Ni kosa ambalo ni mtu wa kazi yake tu angelifanya, kwa kuwa jicho lake lilizoea kuona pua iliyolika kuwa ni dosari inayoshusha thamani. Lorna aliingia na sanduku mkononi, akatazama, akasema, "Mkono wa Karin ulikuwa hapo." Kisha akaenda kulala. Halvor hakuigusa tena pua ile kwa brashi.

Lorna alitangulia mbele za Mungu tarehe 21 Agosti 2009. Siku ya mazishi, Karin alimwona baba yake amekaa chini ya kile kichwa, akamwambia, "Baba, kiuze hiki, kinakukodolea macho tu." Alisema kwa kumhurumia, naye ameniomba niliseme hili hadharani. Lakini kaka yangu alikuwa amewasikia watoto wa watu wengi wakisema neno hilo hilo katika nyumba za watu, na kwa masikio yake lilikuwa na maana moja, kwamba mtoto hakitaki kichwa, anataka bei yake. Kwa miaka kumi na minne aliishi peke yake katika nyumba ile, akatoka na kuingia, na pua ikalika tena kwa mkono wake tu.

Kifua kilimzidia mwaka 2022, akawekewa hewa ya mtungi. Jambo lililomnyima usingizi halikuwa kifo, kwani alikuwa na imani, bali alihofia kwamba kondoo wa Lorna angeishia kwenye ukumbi wa hoteli, akiangaliwa na watu wasiojua hata kwamba mwindaji alikuwa mwanamke. Mwezi Januari mwaka huu alimwita Dwight Kessel wa Lewistown, mshindani wake wa miaka mingi, kwa sababu kwa wathamini ni mwiko mtu kuthamini kichwa chake mwenyewe. Nilikuwepo, nikipika kahawa. Dwight alianza na pembe.

"Umeanza na pembe, mjinga wewe," Halvor akasema.

"Nyamaza, mzee, leo wewe ni mteja," Dwight akamjibu, na alipofika puani akaguna. "Nani anashikashika hapa?"

"Mimi."

"Mthamini mzima! Nipe nikatengeneze, ipo hoteli Bozeman itamchukua wiki ijayo."

"Hutengenezi."

"Basi bei inashuka zaidi ya nusu."

"Ishushe," kaka yangu akasema, "ishushe mpaka hoteli isimtake." Dwight akavua kofia, akaketi, akanywa kahawa yake, na bei akaitaja alipokuwa akiondoka.

Jumapili iliyofuata Halvor alimweleza Karin kwenye simu kwamba kondoo ameshathaminiwa, na bei ni ndogo. Karin akauliza sababu. "Pua imekwisha manyoya," akasema. Karin akauliza, "Kumbe bado mnashika?" Naye akajibu, "Nashika mimi." Karin akasema atakuja Pasaka, kwamba asimpe mtu yeyote kichwa kile, wataongea akifika. Kaka yangu aliniambia, "Anakuja kukichukua, au anakuja kukiuza mwenyewe, sikuuliza." Nilimwambia apige simu aulize. Hakupiga.

Tarehe 5 Machi alishindwa kupumua, na vijana wetu wa gari la wagonjwa wakaja, wakamtoa kwa machela kwenye mlango wa jikoni, kwa kuwa ndio mpana. Walinisimulia baadaye kwamba aliwaambia, "Nipitisheni sebuleni," wakadhani homa imempanda, nami nilikuwa nje nafungua lango, sikusikia. Alilazwa Great Falls, akapokea chakula cha Bwana, na Jumanne, tarehe 12 Machi 2024, saa kumi na moja alfajiri, akaitwa, akiwa na umri wa miaka themanini na miwili. Karin alikuwa barabarani, hakumkuta.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, vijana wa gari la wagonjwa, ambao hawana kosa lolote, majirani mliomtolea theluji mlangoni bila kuombwa, akina mama wa kanisa kwa mikate ya viazi na kahawa inayotungoja katika ukumbi wa chini, na wathamini wenzake, pamoja nawe Dwight, uliyefika jana na kukataa malipo ya Januari.

Asubuhi hii tulipokuwa tukitoka nyumbani kuja hapa, Karin, ambaye atamchukua kondoo yule kwenda naye Tacoma na pua yake hivyo hivyo ilivyo, alisimama mlangoni, akainua mkono, akashika pua pale mama yake alipokuwa akimwinua ashike, akasema, "Mkono huu ni wangu," kisha akashika tena, akasema, "Na huu ni wa baba, alipitishwa jikoni."

Halvor, kaka yangu, Karin ameshakuagia kondoo. Pumzika sasa, kwa amani ya Bwana, mpaka atakapotuita sote nyumbani.