Herufi Iliyotaka Kumzuia Metrine Kupaa

Mheshimiwa Chifu, Pasta Bonface, jirani yangu Bi Ruqia wa duka la vitambaa, wateja wangu wa saloni, watu wa Awendo na wakwe zangu kutoka Mbita, hamjambo? Hamjambo tena? Mimi ni Bathsheba, mama yake Metrine, na leo mnivumilie, kwa sababu furaha imenipanda kichwani na miguu inataka kucheza yenyewe.

Tumekuja kumuaga binti yetu anayeanza kazi ya kuhudumia abiria ndani ya ndege. Lakini je, mnajua kwamba kazi hii ilikuwa karibu kutuponyoka kwa ajili ya herufi? Metrine alipita mitihani yote: kuzima moto, kufungua mlango wa dharura, kumtuliza abiria mlevi, hata kuogelea, yeye ambaye babake alimkataza kukaribia ziwa. Likabaki tangazo la Kiswahili. Akashika kipaza sauti akasema, "Mabibi na mabwana, sasa tunaanza kusuka."

Mtahini akauliza, "Mtamsuka nani?"

Naye, kwa adabu zote nilizomlea nazo, akajibu, "Mama yangu ndiye husuka, madam. Mimi nasuka na ndege."

Chekeni tu, nyinyi wenyewe mnasema hivyo hivyo. Siku ile hatukucheka. Aliambiwa arudi wiki iliyofuata, na akishindwa tena nafasi yake apewe mwingine. Akaingia saloni akilia, nami nikalia, na mteja niliyekuwa nimemsuka upande mmoja akalia pia, nadhani aliogopa kwamba sitamaliza.

Ni nani aliyevuka barabara kuja kutuokoa? Ni Bi Ruqia, mzaliwa wa Malindi. Akamwambia, "Mwanangu, fanya kama unanyamazisha mtoto. Shhh. Halafu malizia: uka."

"Shhh," akasema Metrine. "Suka."

"Basi chai hunywi mpaka uitamke," akasema Bi Ruqia.

Saloni nzima ikageuka darasa, na tukapitiliza. Mteja akaagiza shoda baridi, mwingine akaulizia shukari, na Pasta, utusamehe, Jumapili ile ni sisi kina mama tuliokuitikia, "Bwana ashifiwe." Alhamisi, siku ya kurudia mtihani, simu ikalia, nikaipokea. Metrine akasema, "Mama, nimeshuka." Niliruka nikamwaga beseni zima la maji, na sikujali.

Wapendwa, asanteni kwa kunipa masikio yenu, na wewe Bi Ruqia, Mungu akuzidishie. Neno langu la mwisho ni la mwanangu.

Metrine, Ijumaa nitapanda ndege yako pale Kisumu. Itakuwa mara yangu ya kwanza, na ninaogopa, sifichi. Umeniambia kwamba humo ndani hutaniita mama, utaniita madam kama wengine, na nikisimama ovyo utaniamuru nirudi kitini. Mwanzo iliniuma. Tangu ukiwa mdogo, umebanwa katikati ya magoti yangu na kitana kichwani, ni mimi niliyekuwa nikikuambia kaa, tulia, acha kugeuka geuka. Sasa ni zamu yako. Niambie nikae, mwanangu, nami nitakaa.