Mjukuu Anauliza Amekosa Nini

Benchi lenyewe lilikuwa la mbao, limeegemea ukuta wa kinyozi upande ule ambao jua la alasiri halifiki, na mguu wake mmoja ulikuwa tofali. Akikaa mnene, mwembamba huinuka. Bibi muuza kahawa aliweka jiko lake mwisho wa benchi, birika juu, vikombe ndani ya beseni la maji, na hakuna aliyekumbuka kama ni benchi lililomfuata bibi au ni bibi aliyelifuata benchi. Wenyeji wa pale walikuwa watatu. Kulikuwa na fundi viatu waliyemwita Gundi, kwa sababu akikaa habanduki. Kulikuwa na kinyozi mwenyewe, jina lake Redio, na hilo halihitaji maelezo. Na kulikuwa na mzee aliyeendesha malori ya safari ndefu mpaka macho yakakataa, huyo ni Kona, kwani hata hadithi zake haziendi moja kwa moja. Bibi naye zamani walimwita Mama Kahawa. Tangu aanze kwenda darasani jioni, kujifunza lugha ya kule aliko binti yake, walimbatiza upya wakamwita Mwanafunzi.

Siku hiyo Mwanafunzi alimmiminia Kona kikombe cha maji ya moto matupu. Kona akaonja, akachungulia ndani ya kikombe, akaonja tena kwa heshima.

— Dada, kahawa ya humu imekwenda wapi?

— Inakuja.

— Ikija nitaijua?

Hakucheka. Hapo wakajua kuna jambo, maana bibi huyu kwa kawaida hucheka hata kabla ya utani kufika. Redio akatoka nje na mashine yake mkononi, akamwacha mteja kwenye kiti na kichwa nusu. Gundi akatoa misumari mdomoni, akaipanga juu ya goti. Bibi akajifanya anasuuza vikombe vilivyokwisha kusuuzwa, lakini wale si watu wa kufukuzwa na maji. Basi akawaeleza.

Binti yake alikwenda kule kuuguza wazee, akaolewa huko huko, akazaa mtoto wa kike. Mtoto alipoanza shule, mwalimu wake akamwita mama yake, akamwambia kwa upole tu kwamba mtoto ana lugha mbili kinywani, anakaa darasani kimya kama jiwe, afadhali nyumbani waseme moja. Binti akakubali. Nani atabishana na mwalimu wa mwanawe? Lugha ya bibi ikakunjwa ikawekwa kando, kama nguo za mtoto zilizokwisha kumbana. Na bibi, ambaye shule aliijua kwa kupita nje ya ukuta wake, akaona kama mtoto haji upande huu, basi yeye atakwenda upande ule. Akajiandikisha.

Alichoanza kujifunza ni maamkizi, maana utamwendeaje mtu bila kumwamkia? Akayafanyia mazoezi mbele ya birika mpaka birika likawa linajibu. Simu ilipopigwa na mtoto akapewa, bibi akamwamkia kama mtu anavyomwamkia mtu. Umeamkaje? Wazima hapo nyumbani? Mama hajambo? Baba je? Na majirani? Shule inakwendaje? Ulilala vizuri? Umekula? Afya yako? Yote kwa lugha ya kule, moja baada ya jingine, hakukwama hata mahali pamoja. Kila swali mtoto alijibu kwa neno moja, lile lao la kusema salama, na kila alipolisema lilitoka dogo kuliko la kwanza. Kisha ikasikika pumzi tu. Kwa mbali bibi akasikia mtoto akinong'ona na mama yake. Binti akarudi kwenye simu, akicheka kile kicheko cha mtu anayefunika kitu.

— Mama, anauliza amekosa nini.

Kule, binti alimfafanulia, mtu mzima akimwandama mtoto kwa maswali namna ile basi ni mwalimu mkuu, au ni polisi. Mtoto alikuwa anajitafutia kosa lake. Na kesho ndiyo siku ya simu tena.

Benchi likaigeukia kesi hiyo. Gundi ndiye aliyeanza. Alisema mtoto hana kosa wala bibi hana kosa, kosa ni la safari. Sauti inatoka hapa ikiwa moto, inapita juu ya maji yote yale, inafika huko imepoa. Maamkizi yaliyopoa ni sawa na amri. Kiatu pia ni hivyo hivyo, ukikigundisha gundi ikiwa imepoa, kinashika leo, kesho kinakucheka njiani.

Redio hakukubali. Alisema yeye amechunguza, ingawa hakusema wapi. Nchi ile ni ya baridi, na mtu wa baridi akifungua mdomo joto linatoka. Ndiyo maana maneno yao mafupi. Mtoto alikuwa anatunza joto lake tu, masikini, na bibi akawa anamfungulia dirisha kila baada ya pumzi.

— Ndiyo maana wahenga walisema, mtoto akililia wembe, mpe, akamalizia.

— Hajalilia wembe, amemlilia mama yake, Gundi akasema.

— Nimesema mpe.

— Nani ampe kinyozi mtoto wa watu?

Kona aliwasubiri wamalize, kama anavyosubiri lori kubwa lipite. Kisha akawasimulia habari ya mpaka mmoja aliouvuka ujanani. Alimkuta ofisa kijana mezani, akaona si adabu kumpa karatasi bila salamu. Akamuuliza habari za kazi, za nyumbani, za watoto. Ofisa akaita wenzake watatu. Lori likashushwa mzigo wote, wakapima mpaka upepo wa matairi, wakitafuta kitu ambacho dereva huyu anakificha kwa ukarimu. Kwa hiyo dawa aliijua. Dawa ya moto ni moto. Kesho bibi amuulize mtoto maswali mara mbili ya yale, asimpe nafasi ya kuogopa, mpaka azoee.

— Ulizoea wewe? bibi akamuuliza.

— Mimi nililala mpakani.

Kidogo bibi akatabasamu, na Redio akalichukua tabasamu lile kama ruhusa. Akatoa nadharia yake kubwa, ile aliyokuwa anaiweka kwa siku maalumu. Kichwa cha mtu mzima, alisema, ni kama chumba cha kupanga. Kimejaa. Ukiingiza kitanda kipya lazima kabati litoke. Kila neno la kule ambalo bibi analiingiza, neno moja la hapa linatoka kimyakimya kwa mlango wa nyuma. Ushahidi wanauona wote: leo ni kahawa iliyotoka, kesho itakuwa sukari, na siku moja bibi atasimama mbele yao asiwajue majina. Akili ni nywele, akamaliza, na nywele ndiyo kazi yake yeye. Kona akavua kofia, akawaonyesha kichwa kitupu kinachong'aa, akauliza yeye basi amebakiwa na nini.

Wao wakacheka. Bibi aliinamia jiko, akawa anapuliza mkaa ambao haukuhitaji kupulizwa. Alikuwa anafikiri, kama ni kweli, angetoa yapi. Yapo maneno mengi ambayo asingeyalilia. Maneno ya ugomvi na mawifi, hayo yote yachukuliwe, na mengine ya nyongeza. Maneno ya hospitali, siku zile za mwisho za mumewe. Angeyabeba mwenyewe mpaka mlangoni ili lipate nafasi hata neno moja tu la kumwambia yule mtoto, likamfikia likiwa halina kesi ndani yake. Lakini neno lenyewe hakulijua, na hakujua nani wa kumuuliza.

Gundi akasema jambo rahisi tu: si yupo mwalimu? Leo jioni si kuna darasa? Amuulize, mtoto wa kule huzungumzishwa vipi. Kuuliza si ujinga.

Hapo bibi alimtazama kama mtu aliyependekeza waende uchi.

Ilibidi awaeleze darasa lilivyo. Ni chumba ambacho asubuhi hutumiwa na watoto wadogo, kwa hiyo watu wazima hukaa magoti yakiwa jirani na kidevu. Mwalimu ni msichana wa kule, mdogo kuliko binti yake. Anakaa juu ya meza na kuning'iniza miguu. Siku ya kwanza aliwaambia wamwite kwa jina lake, hivyo hivyo, bila kitu mbele yake. Darasa likatazamana. Wakaendelea kumwita Mwalimu, na akiingia wanasimama, naye anawaomba wakae huku uso umemwiva. Kila mwisho wa somo anauliza nani hajaelewa. Darasa zima linajibu kwa sauti moja kwamba limeelewa. Kwani kusema hujaelewa si kumwambia mtu mbele ya watu kwamba hajui kazi? Na mtoto wa watu ametoka mbali, yuko peke yake. Basi mwalimu akiona wameelewa anasonga mbele, na wanafunzi wakiona anasonga mbele wanazidi kuelewa. Kuna siku mwalimu alifundisha habari za watoto. Bibi aliinua mkono. Mwalimu akamtazama kwa furaha kubwa, miguu ikaacha kuning'inia, ikagusa sakafu. Bibi akaona furaha ile, akahofia kuivunja, akaupitisha mkono shingoni akajikuna.

— Sasa darasa zima mnajifunza nini? Redio akauliza.

— Tunajifunza kumstahi.

Kona aliliunga mkono darasa. Abiria hamwulizi dereva njia wakati gari liko mwendoni. Gundi akasema kama gari linakwenda mtoni afadhali aulizwe. Wakashikana hapo, kila mmoja na methali yake, asiyejua maana haambiwi maana, mwenda pole hajikwai, mpaka mteja wa Redio akatoka nje na shuka shingoni kuulizia nusu yake iliyobaki, naye akaulizwa maoni yake, akayatoa.

Katikati ya kelele hizo alifika mwanamke mmoja amevaa sare ya wafanya usafi, kiatu kimoja mguuni, kimoja mkononi, kisigino kimening'inia. Akamkabidhi Gundi, akakaa benchini, mguu mtupu juu ya ule wenye kiatu. Bibi akampa kikombe, safari hii cha kahawa kweli. Wale wengine wakamsimulia kesi yote, watu watatu kwa pamoja, kila mmoja akisahihisha mwenzake, na mwanamke akawa anageuza shingo huku na huku. Hakutoa nadharia yoyote. Alikunywa mpaka karibu na machicha.

— Huyo mtoto, mama, yeye anakuitaje?

Redio akadakia kutaja jina la mtoto. Mwanamke akatikisa kichwa.

— Sijauliza jina lake. Nauliza, akitaka kukuita wewe, anasemaje?

— Bibi, Redio akasema. Atasemaje tena?

— Bibi ni letu sisi. Mtoto hana lugha hiyo, ndivyo mlivyoniambia. Mimi mjukuu wa kwangu ananiita kwa jina nisilolijua lilikotoka, alilitengeneza mwenyewe. Ndiyo nauliza. Mama umemsikia akisemaje?

Bibi alifungua mdomo kujibu, maana swali lilikuwa jepesi, halikuhitaji mwalimu. Akaenda kulitafuta jibu pale ambapo sauti zake zote zinakaa. Sauti zilikuwamo. Mama yake alikuwamo, akimwita toka uani, akiivuta herufi ya mwisho mpaka uji ukaribie kuungua. Mumewe alikuwamo, ambaye hakumwita kwa jina hata siku moja, alikohoa tu mlangoni mara moja, na akawa ameitwa. Binti yake alikuwamo, mdogo, mkoba mgongoni, akianza kumwita mama tangu mbali barabarani, kabla hata nyumba haijaonekana, ili akifika awe ameshaitikiwa. Akapita kwa kila mmoja, akamsikiliza, akasogea mbele. Mwishoni kabisa akalikuta lile neno moja la salama, dogo, na baada ya pale pumzi ya mtoto anayengoja aambiwe kosa lake.

Kona akakohoa ili atoe methali. Akanywa kilichobaki kikombeni. Redio akatazama mashine yake kama ndiyo iliyoulizwa. Gundi alikuwa ameinua nyundo juu ya kisigino.

— Hajaniita bado, bibi akasema.

Gundi akaishusha nyundo taratibu, akaiweka chini bila kupiga.