Makosa ni ya Flamingo

Pale Free Area, nyuma ya stage ya boda, kuna benchi imetengenezwa na mbao ya kitanda. Cucu Wangeci, nyanya ya kila mtu hapo, ndiye aliileta, kitanda ya marehemu bwana yake, akasema wacha watu wakalie kuliko imalizwe na mchwa. Hapo anauza kahawa ya tangawizi na mandazi tangu hiyo estate ikiwa mahindi tupu, na anakumbuka kila mtu aliketi wapi na alidanganya nini. Asubuhi hiyo ya baridi alikuwa na wateja wake wa kawaida. Ndung'u, mzee aliyelima pareto huko Molo mpaka jina ikawa Pareto. Sue wa saluni, anaitwa Breaking, kwa vile habari humfikia kabla haijatokea. Na katikati yao Kipkemoi, kijana wa boda. Yeye ni Mshumaa, kwa sababu tangu aanze kununua na kuuza pesa ya nchi za nje kwa simu, anaongea mishumaa tu: ya kijani bei ikipanda, ya nyekundu ikishuka. Siku hiyo Mshumaa alikuja na miguu, na hiyo peke yake ilikuwa habari.

— Pikipiki iko wapi? Cucu akamuuliza, akimimina.

— Niliuza, cucu.

— Na pesa yake?

— Ilikuwa kwa simu.

— Ilikuwa.

— Ilikuwa, cucu.

Cucu akamwongezea tangawizi bila kuulizwa.

— Lakini nitarudisha, Mshumaa akasema. Kuna mtu anaitwa Ngigi anakuja na pickup kutoka Kikopey, ananunulia watu wa nyama choma. Twende naye Njoro nimuuzie yule mtamba wangu.

Birika nusura imtoke Cucu. Huyo mtamba anamjua. Jepleting, mama ya huyu kijana, alimpatia siku alipooa, bado ni ndama wa kushika na mikono. Sasa huyo mtamba ako na mimba ya kwanza, mwezi ujao anazaa.

— Utauza mimba kwa watu wa kuchoma?

— Cucu, sikia. Hii kitu inataka tu nijue kosa ilikuwa wapi. Kama ni yangu, naacha. Kama si yangu, narudi na hii pesa ya ng'ombe, napata yote, na pikipiki juu. Sasa niambieni nyinyi. Kosa ilikuwa ya nani?

Hapo benchi ikachangamka. Swali kama hiyo hawapati kila siku.

— Hiyo ni mzungu, Pareto akasema. Wakati wa pareto ilikuwa hivyo hivyo. Tunakausha maua huku, bei inapangwa na mtu hajawahi ona Molo. Sasa kuna mwingine ameketi ghorofa ya juu kabisa, anaona simu yako. Ukinunua, anaita bibi yake: leta kiti karibu, yule kijana wa Free Area ameingia. Halafu anashusha.

— Anijue mimi?

— Na jina ya baba yako.

— Wacha mzungu, Breaking akasema. Ni network. Si mnajua flamingo zimejaa Elementaita? Maelfu, zimesimama na mguu moja. Hiyo mguu ingine unafikiri inafanya nini huko juu?

— Inapumzika, Cucu akasema.

— Inashika network. Mshumaa anabonyeza hapa kuuza, hiyo amri inafika Elementaita inanaswa na miguu. Ikitoka hapo ni jioni. Na kama si miguu ni ile vumbi nyeupe ya machimbo ya Kariandusi, inapeperuka mpaka kwa mlingoti wa simu.

— Hiyo kweli nimewahi kuiona, Mshumaa akasema polepole. Simu ilizunguka, ikazunguka.

Cucu aliona uso ya kijana ikianza kufunguka, akaona mtamba ni kama ameshauzwa. Alitaka kumwambia kitu ya maana. Lakini benchi ina yake. Ukiketi hapo mdomo inajua njia.

— Ulichajia wapi hiyo simu? akajisikia akiuliza.

— Kwa saluni.

— Ndiyo hiyo. Stima ya kuchoma watu nywele, itakuwaje na baraka.

— Cucu, usiniharibie biashara, Breaking akasema. Simu yake ilitoka kwangu ikiwa imejaa mpaka juu. Na ni mimi nilimwombea.

— Hapo sasa, Mshumaa akasema. Mnakumbuka? Nilikuwa juu. Nataka kutoka na faida yangu. Pareto akaniambia usitoe, tuombe kwanza.

— Kuomba si vibaya, Pareto akasema.

— Breaking aliombea mpaka Amerika. Akaombea mabalozi. Tulipofika amina, mishumaa yote nyekundu.

— Ungefungua macho, Breaking akasema.

— Kwa maombi?

Cucu akaweka birika chini.

— Na hiyo kitu haina breki? Hata mkokoteni iko na jiwe ya kuweka kwa gurudumu.

— Iko, cucu. Unaweka alama. Bei ikishuka mpaka hapo, inajifunga yenyewe, unapoteza kidogo tu.

— Uliweka?

— Niliweka. Halafu nikaitoa.

— Mbona?

— Bei ilikuwa imekaribia hapo.

Kila mtu akapima hiyo jibu. Pareto ndiye aliipokea.

— Ulifanya vizuri. Breki huharibika sana ikitumika kwa mteremko.

Walikuwa bado wanakubaliana wakati pickup ilisimama. Akashuka mtu wa gumboots na koti ndefu.

— Sasa. Mimi ni Ngigi. Mshumaa ni nani hapa?

— Karibu boss. Tunamaliza tu kitu kidogo. Tunatafuta kosa ilikuwa ya nani.

Ngigi akachukua mandazi, akaichovya kwa kahawa, akaelezewa yote. Mzungu na bibi yake, flamingo, vumbi, stima ya saluni, amina. Alisikiza kama mtu anasikiza bei, bila kubadilisha uso.

— Na hujawahi kupata? akauliza. Hata siku moja?

— Nilipata sana wiki ya kwanza. Nilinunulia hii benchi yote soda.

— Na hiyo ya kupata, ilikuwa ya nani? Flamingo pia?

Cucu alikumbuka hiyo siku vizuri. Mshumaa alikuwa amesimama juu ya hii benchi, akijigonga kichwa na kidole, akisema mniangalie, hii yote imetoka hapa ndani. Hakuna aliyetaja mzungu. Soda walikunywa.

Ngigi akapanguza mikono.

— Basi twende Njoro ama tusiende?

Mshumaa akaangalia Pareto. Pareto akaangalia kikombe. Breaking akakumbuka kuna mteja alimwacha na dawa kwa nywele, lakini hakusimama. Cucu mwenyewe alitikisa birika kusikia kama imeisha, na alijua haijaisha.

— Tuombe kwanza? Breaking akasema chini chini.

— Hapana, Mshumaa akasema. Boss, hatuendi. Wacha azae.

Ngigi hakukasirika.

— Sawa. Lakini nimechoma mafuta kutoka Kikopey. Hiyo nayo ni ya nani?

Benchi ikaamka tena. Pareto akasema mafuta imepanda kwa sababu meli zimefungiwa huko mbali. Breaking akasema petroli ya siku hizi nusu ni upepo. Cucu akafungua mdomo, akapata sababu yake iko tayari, kuhusu rangi ya hiyo pickup, akaimeza na mate.

— Nyamazeni, Mshumaa akasema. Nilimpigia mimi.

Akavua helmet. Asubuhi yote alikuwa ameivaa, na pikipiki hakuna, na wote waliona aibu kumwambia. Akampatia Ngigi, iwe ya mafuta. Ngigi akaigeuza, akaigonga na vidole, akaijaribu. Ikamtosha. Akaingia kwa pickup akiwa nayo kichwani, akawasha, akaenda.

— Helmet nzuri hivyo, Pareto akasema. Umepunjwa. Nani alikuambia umpatie?

— Hakuna mtu. Ni mimi.