Seli Haifungi Geti Jioni

Mheshimiwa Diwani wetu, Mkuu wa Shule, walimu, wazazi wa hapa Tunduma nanyi mliotoka mbali kama Isongole, shikamooni. Wanafunzi wenzangu, poleni kwa jua.

Naitwa Mercy, wa kidato cha tatu. Darasa limenituma kumuaga Mwalimu Enesi Simkoko, aliyetufundisha Baiolojia na sasa anahamia Ibaba, na kumkaribisha Mwalimu Sadock anayeshika nafasi yake.

Kila jioni ya kuamkia kipindi chake, Mwalimu Enesi alitupa swali moja. Tuliandika majibu kwenye vipande vya karatasi, hata kwa Kiswahili, tukavitumbukiza kwenye ndoo mlangoni mwa ofisi. Hakutoa maksi. Asubuhi alikuwa amevisoma vyote, na somo lilianzia pale tulipokwama.

Siku moja aliuliza: utando wa seli una kazi gani? Kitabu kiliuita mpaka wa seli. Sisi watoto wa mpakani tungeandika nini? Nusu ya darasa tuliandika kwamba utando hufunguliwa asubuhi na kufungwa jioni, kama geti letu la mpakani. Lwitiko akaongeza kuwa usiku chakula hupita njia za panya.

Mwalimu aliingia, akaliweka kando andalio lake la somo.

"Nani hapa ameona geti limefungwa na watu bado wanapita?"

Darasa zima likacheka.

"Lwitiko, wewe unazijua hizo njia?"

"Nimesimuliwa tu, Mwalimu."

"Haya, msimuliwa. Seli haifungi jioni. Ikifunga, inakufa."

Nani kati yetu atalisahau hilo kwenye mtihani?

Na Nyanzobe, mwenzetu wa kutoka bondeni Momba, alikuwa hasemi darasani kwa sababu tulimcheka lafudhi, kana kwamba sisi Wanyiha na Wanyamwanga hatuna yetu. Karatasi haina lafudhi. Aliandika, "Hata swali sijalielewa," na kipindi kizima kikaanzia kwake. Siku hizi tukikwama, tunamuuliza yeye.

Mwalimu Sadock, wenzangu wana hofu moja, nami nimeahidi kuisema kwa adabu. Wanaogopa ile ndoo itarudi kuwa ya kudekia. Tunajua kusoma karatasi za darasa zima ni mzigo. Hatuombi uwe Mwalimu Enesi. Tunaomba utujue kabla hujatufundisha.

Mwalimu Enesi, swali la mwisho ulilotuachia tumelijibu. Mwalimu Sadock, majibu yetu yapo mezani kwako tangu asubuhi, na mengi yamekosewa. Jumatatu tutakuwa tumekaa, tukisubiri uanzie hapo.

Wazee wangu, asanteni kwa kunipa masikio yenu.