Mzee Bado na Mlio wa Injini

Marehemu baba yetu, ambaye wengi wenu mlimfahamu kama Mzee Bado, alizaliwa tarehe 9 Machi 1951, mtoto wa tatu wa fundi cherehani na mkewe. Jina hilo hakupewa na wazazi. Alilipata ukubwani, kwa sababu kila aliyepita uani akamkuta ameinama, akamwuliza kama pikipiki imepona, alijibiwa neno hilo moja na kuachwa asimame.

Baada ya shule ya msingi alijiunga na chuo cha ufundi, akahitimu mwaka 1971. Mwalimu wake alimsifu kuwa ni kijana mtulivu, ila hubishana na mashine.

Mwaka uliofuata aliajiriwa katika kituo cha kusukuma maji, akatunza pampu hadi alipostaafu mwaka 2006. Aliegemeza ncha ya bisibisi ndefu kwenye pampu na mpini wake sikioni, akasikiliza, kisha akataja ugonjwa. Hakuwahi kumwambia mtu kwamba mashine ni nzima wakati si nzima, hata bosi alipokuwa na wageni. Tabia hiyo haikumharakisha kupanda cheo.

Alifunga ndoa na mama yetu tarehe 14 Agosti 1976. Pikipiki ilikuja mwaka 1988: kubwa, ya safari ndefu, silinda mbili zilizoachana kama herufi V, kioo cha kukinga upepo, masanduku mawili ubavuni, na uzito wa ng'ombe aliyeshiba. Baba aliahidi kumzungusha mama nchi nzima. Walifika kituo cha mafuta. Hapo baba aliinamisha kichwa, akasikia kitu, wakarudi mwendo wa pole, mama akavua helmeti na kwenda kuosha vyombo. Baada ya hapo oili ilibadilishwa, mkanda ukakazwa, breki zikasafishwa, na kila mama alipotoka na mkoba wake jibu lilikuwa lilelile. Hadi leo pikipiki ile anaiita mke mwenza, na sidhani kama anatania.

Mwezi Februari 2023 moyo ulianza kumsumbua baba. Daktari alimweleza kwamba mapigo yanachechemea. Baba akataka kujua kama si ya aina inayotakiwa kuchechemea, maana injini yake huunguruma hivyo ikiwa nzima. Daktari akamtuliza, akasema anaendelea vizuri. Baba akamjibu, "Mwanangu, ukisikia kitu, sema. Mimi si mgeni wa bosi." Daktari akasema.

Alipolazimika kulala kitandani aliomba jambo moja tu, asikie pikipiki yake ikinguruma sawasawa. Alituelekeza kupitia dirisha. Tulipima oili injini ikiwa baridi, tukaona imepungua, tukaongeza. Injini ile ikilala, oili hushuka chini na kuonekana pungufu, hivyo hupimwa ikishapata moto. Sisi watoto wake watatu tulikulia uani pale na wote tulisahau. Ilitema oili kupitia kichujio cha hewa, ikapaka ukuta na viatu vya shemeji yetu, aliyekuja kutoa ushauri. Tukapunguza, tukasafisha. Ukabaki mlio wa kugonga usiojulikana unatoka wapi. Tulikaza, tukalegeza tulichokaza. Fundi wa mtaani aliitwa, akaizunguka, akasema dude kama hili analiheshimu, akaaga. Kila tulipowasha, dirisha lilisema bado.

Asubuhi ya Jumapili, tarehe 2 Juni 2024, tuliwasha tena. Iligonga vilevile; hata jirani, ambaye hana baiskeli, aliusikia mlio. Mama alikuwa ameketi kando ya kitanda.

"Baba watoto, bado?" akamwuliza.

Baba alisikiliza kwa muda.

"Imetulia," akasema. "Waambie wazime, wapumzike. Hata ile safari yako, sasa iko tayari."

Mama alitoka nje akatuambia baba amesema imetulia, tuzime. Tukasimama na spana mikononi. Siku hiyo hatukumpigia daktari simu kuuliza hali ya mgonjwa, tulikuwa tumeshajibiwa. Alifariki jioni, mama akiwa amemshika mkono.

Marehemu ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu watano, dada mmoja, na pikipiki moja, ambayo inagonga.

Apumzike baba yetu, mahali pasipo na kitu cha kusikiliza.